"AM" ni nini hapa? Mwongozo kamili wa herufi mbili zenye maana tele

Miaka kadhaa iliyopita niliomba nafasi ya masomo kwa njia ya mtandao. Tangazo lilisema mwisho wa kupokea maombi ni "12:00 a.m., 15 June". Nilichoshika kichwani ni tarehe 15 na saa sita, basi. Asubuhi ya tarehe 15 nikaketi kuipitia barua yangu kwa mara ya mwisho, nikarekebisha sentensi mbili, nikatafuta kitufe cha kutuma. Hakipo. Maombi yalikuwa yamefungwa saa sita usiku, nikiwa nimelala.

Tangu hapo nikiiona "am" nasimama. Ni herufi mbili tu, lakini ndani yake mna kitenzi, majira ya siku, redio, elementi ya kemia, noti za gitaa, nchi, lugha, shahada na nishani. Kamusi itakupa orodha yote hiyo. Tatizo ni kwamba orodha haikuambii hii iliyo mbele yako ni ipi, na hilo ndilo ninalotaka tulimalize hapa.

Hatua ya kwanza: tazama majirani

Usianze na neno lenyewe. Anza na umbo lake, kisha kilicho mbele yake na nyuma yake.

Kama herufi zina nukta, "a.m.", karibu kila mara ni habari ya saa. Zikiwa kubwa zote mbili bila nukta, "AM", zinaweza kuwa saa, redio, cheo cha mtu au alama ya nchi. Ikiwa ya kwanza kubwa na ya pili ndogo, "Am", huenda ni mwanzo wa swali ("Am I late?"), ni elementi, au ni muziki. Zikiwa ndogo zote, mara nyingi ni kitenzi, ingawa siku hizi watu huandika saa hivyo hivyo bila kujali nukta.

Kisha tazama kushoto. Ukikuta "I", umemaliza: ni kitenzi. Ukikuta namba yenye nukta pacha, kama 7:30, ni saa. Ukikuta namba ya tarakimu tatu au nne isiyo na nukta pacha, kama 1080, fikiria redio. Ukikuta jina la mtu na mkato, ni heshima aliyopewa. Kwa utaratibu huu tu, "am" nyingi utakazokutana nazo zitajifichua. Zinazobaki ndizo zinazohitaji hatua zinazofuata.

Tahadhari moja kuhusu ujumbe wa simu: wengi huandika "am coming" wakiidondosha "I". Hakuna namba, hakuna "I", lakini neno linalofuata linaishia na "-ing". Hicho ni kitenzi, wala usihangaike.

Hatua ya pili: ikiwa ni kitenzi, usikimbilie "ni"

Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika. Tumefundishwa kwamba "am" ni kitenzi kishirikishi cha nafsi ya kwanza umoja, na kwamba Kiswahili chake ni "ni". Ni kweli kwa sentensi kama "I am a teacher": mimi ni mwalimu. Toka hapo hatua moja, na "ni" inakuangusha. Hakuna anayesema "mimi ni njaa".

Dawa ni kutazama neno linalofuata "am".

Likiwa jina la kazi, cheo au asili, tumia "ni". Likiwa hali iliyokupata, Kiswahili kinapenda wakati wa "-me-": "I am tired" ni nimechoka, "I am late" ni nimechelewa, "I am done" ni nimemaliza. Likiwa kitu ambacho sisi tunakihesabu kuwa tunacho, tumia "nina": "I am hungry" ni nina njaa, "I am thirsty" ni nina kiu, na "I am 20 years old" ni nina miaka 20. Baridi sisi tunaisikia, kwa hiyo "I am cold" ni nasikia baridi. Likifuatiwa na "-ing", tumia "-na-": ninasoma, ninapika. Likifuatiwa na tendo alilotendewa msemaji, kama "I am told", ni naambiwa. Na likifuatiwa na "to" pamoja na kitenzi, kuna wajibu au mpango ndani yake: "I am to leave tomorrow" ni natakiwa kuondoka kesho.

Mahali ndipo Kiswahili kinapokudai zaidi ya Kiingereza. "I am in the car" haimwambii Mwingereza zaidi ya hapo. Wewe lazima uamue: nimo garini, kwa sababu uko ndani, nipo hapa, kwa sababu mahali panajulikana, niko mjini, kwa sababu ni eneo kwa jumla. Napenda kumwonyesha hili kila anayedai kwamba Kiingereza kina maneno mengi kutushinda. "Am" moja, milango mitatu.

Kuna na kosa la kurudi upande wa pili. Kwa kuwa "ninakubali" ina "-na-", wanafunzi huandika "I am agree". Si sahihi. "Agree" tayari ni kitenzi, hakihitaji kusaidiwa: "I agree" inatosha. "Am" inaingia pale tu ambapo neno linalofuata haliwezi kusimama lenyewe kama tendo la wakati uliopo.

Jambo la ukanushi pia linawababaisha wengi. Kuna "isn't" na "aren't", lakini "amn't" utaisikia Uskoti na Ayalandi tu. Kiingereza sanifu hutumia "I'm not", na kwenye swali la mkia huazima la jirani: "I am late, aren't I?" Inaonekana kama kosa la sarufi, lakini ndivyo inavyosemwa.

Ukiwa mpenzi wa historia ya maneno, tazama hiyo "m". Kilatini kina "sum", Kigiriki cha kale "eimi", Kisanskriti "asmi", zote zikiwa na maana ya "mimi ni". "M" hiyo ilikuwa kiambishi cha nafsi ya kwanza katika lugha mama ya lugha hizo zote, na katika Kiingereza cha leo imebaki kwenye neno hili moja tu. Kufanana kwake na "mimi" yetu ni bahati tu, lugha hizo si za ukoo wa Kibantu, lakini kwa kukariri inasaidia.

Hatua ya tatu: ikiwa ni saa, ihesabu kwa utulivu

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wanapopoteza ndege, mitihani na, kama mimi, masomo.

"A.m." ni kifupisho cha maneno ya Kilatini, ante meridiem, yaani kabla ya adhuhuri. Mwenzake "p.m." ni post meridiem, baada ya adhuhuri. Siku inaanza saa sita usiku; kutoka hapo hadi saa sita mchana ni a.m., na kutoka saa sita mchana hadi saa sita usiku ni p.m.

Kosa la kwanza ni kudhani a.m. maana yake ni asubuhi. Nusu yake ni usiku. 2 a.m. ni saa nane usiku. 4 a.m. ni saa kumi usiku, 5 a.m. ni saa kumi na moja alfajiri, na asubuhi hasa inaanza 7 a.m., saa moja. Kwa hiyo tiketi ikisema ndege inaondoka Jumanne 1:15 a.m., uwanjani unatakiwa uwe Jumatatu usiku. Atakayekwenda Jumanne usiku atakuta ndege imeshaondoka siku nzima kabla.

Kosa la pili ni kuhamisha namba kama ilivyo. Saa ya Kiingereza na yetu zinapishana kwa saa sita. Namba ikiwa kubwa kuliko sita, toa sita: 9 a.m. ni saa tatu. Ikiwa sita au chini yake, ongeza sita: 3 a.m. ni saa tisa, 6 a.m. ni saa kumi na mbili. Dakika hazibadiliki. Kama hesabu inakuchosha, chukua saa ya mshale. Mshale mfupi ukielekea 7, tazama upande wa pili kabisa wa uso wa saa: pale pameandikwa 1. Ni saa moja. Ukielekea 10, upande wa pili kuna 4. Saa yetu husomwa upande ule mshale ulioupa mgongo, kila mara, bila kutoa wala kujumlisha.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, na mara nyingi tunalifanya wenyewe tukiandika matangazo: "Mkutano utaanza saa 3:00 AM". Msomaji mmoja atasema ni saa tatu asubuhi. Mwingine atasoma AM kwa uzito wake na kupata saa tisa usiku. Wote wawili wana haki. Ukiandika kwa Kiswahili, andika "saa 3:00 asubuhi" na uiache AM kabisa. Ukiandika kwa Kiingereza, andika "9:00 a.m." na uliache neno "saa". Usizichanganye kwenye mstari mmoja.

Fundo la 12

Sasa turudi kwenye ile "12:00 a.m." iliyonigharimu.

Meridies ni adhuhuri yenyewe. Saa sita mchana kamili si kabla ya adhuhuri wala si baada yake, ni adhuhuri. Na saa sita usiku iko mbali sawasawa na adhuhuri iliyopita na inayokuja. Kwa Kilatini, basi, 12 haiwezi kuwa a.m. wala p.m. Watu wameamua tu, na uamuzi unaotumika karibu kila mahali leo, pamoja na kwenye simu na kompyuta, ni huu: 12 a.m. ni saa sita usiku, 12 p.m. ni saa sita mchana. Njia nyepesi ya kuukumbuka ni kuitazama dakika inayofuata. 12:01 a.m. ni dakika moja ndani ya nusu ya kwanza ya siku, kwa hiyo ni usiku.

Usijione mzito ukiwa ulikuwa hujui. Mwongozo wa uandishi wa ofisi ya uchapishaji ya serikali ya Marekani, hadi toleo la mwaka 2000, uliita saa sita usiku 12 p.m.; toleo la 2008 ndilo lililogeuza. Na NIST, taasisi ya Marekani inayosimamia vipimo na saa, inashauri watu waziepuke 12 a.m. na 12 p.m. kabisa.

Lakini ukishajua kwamba 12 a.m. ni usiku, bado hujavuka. Ni usiku upi? Usiku wa tarehe 15 una saa sita mbili, ile inayoianza siku na ile inayoimaliza. 12:00 a.m. ya tarehe 15 ni ile inayoianza. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina: usiku wa kuamkia. Sema "saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 15", na hakuna atakayekosea. Ni tarehe 14 imekwisha, watu wamelala, wanaamkia tarehe 15. Laiti ningeitafsiri hivyo siku ile, ningeituma barua yangu jioni ya tarehe 14. Tangu hapo kila tarehe ya mwisho ninayoiona kwa Kiingereza naiandika upya kwenye daftari kwa maneno hayo, "kuamkia", kabla sijafanya lolote.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika tangazo kwa Kiingereza, usimwachie msomaji fundo hilo. Andika "11:59 p.m." au "12:01 a.m.", au "noon" na "midnight" pamoja na siku zote mbili zinazopakana. Bora zaidi, tumia mfumo wa saa 24: 23:59 haina mjadala. Kuibadili ni rahisi. Saa za a.m. kutoka 1 hadi 11 zinabaki vile vile, 12 a.m. inakuwa 00, 12 p.m. inabaki 12, nyingine zote za p.m. ongeza 12. Usiandike "15:00 PM", maana 15 imeshasema kwamba ni mchana. Na kama wasomaji wako wako nchi tofauti, taja saa hizo ni za wapi.

Kwenye kengele ya simu, jaribu hivi usiku mmoja kabla ya safari muhimu: weka kengele, kisha soma ile sentensi inayotokea ikisema zimebaki saa ngapi. Ikiwa ni saa nne usiku nawe ukaweka 5:00 PM badala ya AM, itakuambia zimebaki saa kumi na tisa wakati ulitarajia saba. Hapo utaliona kosa kabla halijakuona.

Hatua ya nne: ikiwa ni redio

AM ya redio ni ufupisho wa "amplitude modulation", yaani kubadilisha kimo cha wimbi. Kituo kinarusha wimbi moja lisilokoma. Sauti ya mtangazaji inaliinua na kulishusha wimbi hilo, na redio yako inasoma kule kupanda na kushuka. FM hufanya vingine: kimo hakiguswi, kinachobadilika ni kasi ya mawimbi kupishana. Ndiyo maana radi ikipiga AM inakwaruza. Radi nayo huongeza kimo cha wimbi, na redio haiwezi kujua kipi ni cha mtangazaji na kipi ni cha mawingu.

Sauti ya mtu ilirushwa kwa namna hii mwezi Desemba mwaka 1900, pale Reginald Fessenden alipozungumza kwenye kisiwa cha Cobb, Marekani, akasikika umbali wa maili moja hivi. FM ilikuja baadaye sana. Edwin Armstrong alipata hataza zake mwaka 1933.

Kwenye redio ya kawaida, kitufe cha AM kinakupeleka masafa ya kati, ambayo mara nyingine huandikwa MW. Namba zake ni za kilohezi, kuanzia 530 hivi. Katika nchi za Amerika vituo hupangwa kwa hatua za 10. Afrika, Ulaya na Asia kwa hatua za 9, kutoka 531 hadi 1602, na kila namba ya kituo inagawanyika kwa 9. Redio iliyonunuliwa upande mmoja wa dunia inaweza kuruka juu ya kituo chako upande wa pili kwa sababu hiyo. Tafuta swichi ya 9/10 nyuma yake au kwenye mipangilio. FM iko kati ya 87.5 na 108, na hizo ni megahezi.

Ukitaka kituo cha mbali, subiri jua lizame. Mchana kuna tabaka la chini la anga la juu linalomeza mawimbi ya AM. Usiku tabaka hilo hutoweka, mawimbi yanapanda hadi matabaka ya juu zaidi, yanarudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Zungusha redio polepole pia: antena ya ndani ina uelekeo, na robo ya mzunguko inaweza kukitoa kituo kwenye mkwaruzo.

Hatua ya tano: "Am" yenye m ndogo

Katika kemia, Am ni ameriki, elementi ya 95. Iligunduliwa mwaka 1944 Chicago na kundi la Glenn Seaborg, ikapewa jina la bara la Amerika kwa sababu elementi iliyo juu yake kwenye jedwali ina jina la Ulaya. Ilikuwa siri ya vita. Dunia iliisikia mara ya kwanza tarehe 11 Novemba 1945, Seaborg alipoulizwa na mtoto kwenye kipindi cha redio cha watoto kama kuna elementi mpya zilizopatikana, akajibu, siku tano kabla ya tangazo rasmi.

Huenda umeishi nayo dari moja. Vitambua moshi vya aina moja vina chembe ndogo ya Am-241, chini ya mikrogramu moja, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila miaka 432 hivi. Geuza kifaa usome lebo: ukiona "Am-241" na alama ya mionzi, kiache juu kilipo, kinakulinda. Usikifungue na usikichome. Kikichakaa, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu pa kukirudisha.

Kwa mpiga gitaa, Am ni A maina: noti A, C na E kwa pamoja. Ukihesabu nyaya kuanzia ule mwembamba kabisa, bonyeza waya wa pili kwenye kigawanyo (fret) cha kwanza, waya wa tatu na wa nne kwenye kigawanyo cha pili, wa tano na wa kwanza uache wazi, wa sita usiuguse. "A" peke yake juu ya maneno ya wimbo ni sauti nyingine, ya kung'aa zaidi; ile "m" ndogo ndiyo inayoleta huzuni.

Zilizobaki

Kwenye anwani za mtandao, ".am" ni Armenia, na AM kubwa ndiyo alama ya nchi hiyo katika orodha za kimataifa. Lakini "am" ndogo katika orodha ya lugha si Kiarmenia. Ni Kiamhari, lugha ya Ethiopia. Kiarmenia ni "hy". Ukichagua lugha ya programu kwa kubahatisha, utajikuta mbele ya maandishi usiyoyatarajia. Nchini Brazili, AM ni jimbo la Amazonas. Kwenye tiketi ya ndege, AM kabla ya namba ni Aeroméxico.

Baada ya jina la Mwaustralia, AM ni mwanachama wa nishani ya taifa lake. Baada ya jina la aliyesoma Harvard, A.M. ni shahada ya uzamili, ile ile ambayo vyuo vingi huiita M.A. Kwenye karatasi za zamani za Wales ni mjumbe wa bunge lao. Tangu 2020 wanaitwa MS. Mwaka wa kalenda ya Kiyahudi ukifuatwa na AM, ni anno mundi, yaani tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kwenye fizikia, "am" ni sehemu moja ya milioni ya milioni ya milioni ya mita. Kiwandani, AM ni utengenezaji wa vitu tabaka juu ya tabaka, kama zinavyofanya printa za 3D. Ofisini ni vyeo vya aina nyingi, na hapo usikisie: muulize aliyeandika.

Jipime kwa sentensi hii: "I am on 810 AM at 8:10 AM." Ya kwanza ina "I" kushoto na mahali kulia. Ya pili ina namba isiyo na nukta pacha, na 810 inagawanyika kwa 9. Ya tatu ina nukta pacha. Kwa Kiswahili: nitakuwa hewani masafa ya kati, kilohezi 810, saa mbili na dakika kumi asubuhi.